Chumvi ya Jikoni na Mishipa ya Moyo



Katika darsa za kina mama, swali moja hutujia kwa sura nyingi. Mara huulizwa na binti anayemuuguza mamake, mara na mke ambaye mumewe amekataa dawa, mara na mwenye ugonjwa mwenyewe. Ikiwa ajali ya kila mja imekwisha andikwa, kumeza kidonge cha presha kila uchao, na hali mtu hajisikii kuumwa na chochote, si kupungukiwa na tawakkul? Swali hili hatulibezi. Tumeona likiacha vidonge kabatini hata vikapitwa na wakati wake, na aliyeandikiwa akapooza upande mmoja kabla ya kutimiza miaka 60. Kwa hiyo juma hili twaomba tuizungumze presha, na utafiti uliofanywa juu yake, kwa kuwa habari zake nyingi zaishia jikoni, na jikoni ni kwenu.

Tuanze na upande wa dini, maana ndiko swali lilikotoka. Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.), katika zama za ukhalifa wake, alikuwa safarini kuelekea Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh akapewa habari kwamba tauni imeingia nchi ile. Akashauriana na Muhajirina, kisha na Ansari, kisha na wazee wa Kikureshi, akaazimia kurudi na watu wake. Abu Ubayda bin Jarrah (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar hakukana. Alikiri kwamba anaikimbia, ila anaikimbilia kadari nyingine ya Mwenyezi Mungu huyo huyo, na akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeteremka katika bonde lenye pande mbili, upande mmoja una majani na wa pili ni mkavu. Popote atakapowalisha, amewalisha kwa kadari ya Mola wake. Kisha akaja Abdurrahman bin Awf (r.a.) na hadithi aliyoisikia kwa Mtume (s.a.w.), kwamba nchi yenye tauni haiingiwi, na aliyemo asitoke kwa kuikimbia. Umar akamshukuru Mwenyezi Mungu, akarudi.

Tazameni ni nani aliyesema maneno haya. Hakuna katika sisi atakayedai kuwa tawakkul yake imezidi ya Umar. Naye Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na mabedui kama wajitibu, aliwaamrisha wajitibu, na akawafahamisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Kidonge, basi, ni ule upande wa bonde wenye majani. Anayekiacha kwa kutegemea kadari amechagua upande mkavu, naye pia yumo ndani ya kadari, ila ngamia wake wana njaa.

Sasa tuwasikilize matabibu. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba maradhi ya moyo na mishipa ya damu, kiharusi kikiwa ndani yake, yaliua watu wapatao milioni 17.9 katika mwaka 2019, na hayo ndiyo yanayoongoza kwa vifo duniani. Miongoni mwa yanayoyaleta, presha ya juu iko mbele. Mwaka 2019, watu wazima wa umri wa miaka 30 hadi 79 waliokuwa nayo walikadiriwa kuwa bilioni 1.28, na karibu nusu yao walikuwa hawajijui. Hapa kwetu Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamepimwa hata mara moja maishani mwao. Hili la mwisho ndilo linalotusumbua zaidi. Twajua bei ya dhahabu ya wiki hii, twajua nani ameposwa mtaa wa pili, lakini nambari mbili za damu yetu wenyewe hatuzijui.

Na si kwamba wakubwa wa dunia walijua zaidi. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alifariki tarehe 12 Aprili 1945 kwa kuvuja damu ubongoni. Siku ile presha yake ilipimwa ikawa 300 kwa 190. Ilikuwa imepanda kwa miaka, na waliomzunguka waliziona nambari, lakini matabibu wengi wa zama hizo waliamini kwamba damu kupanda nguvu kadiri mtu anavyozeeka ni jambo la maumbile lisilohitaji kutibiwa. Dawa nazo zilikuwa chache. Hivyo mtu aliyekuwa na majeshi na madaktari chini ya amri yake alikufa kwa ugonjwa ambao leo mzee wa Likoni au Lamu hutibiwa katika zahanati.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1948, ulianza utafiti katika mji mdogo wa Framingham, karibu na Boston. Watafiti waliwaandikisha watu 5,209, wanawake wakiwa zaidi ya nusu, wakawa wawapima kila miaka miwili na kusubiri waone nani atapatwa na nini. Subira hii yastahili kutajwa. Hawakuwapa dawa wala hawakuwakataza kitu. Waliandika tu, mwaka baada ya mwaka, presha, mafuta ya damu, sigara, uzito. Mwaka 1961 wakaeleza wazi kwamba presha ya juu na mafuta mengi katika damu humtangulia mtu kabla ya ugonjwa wa moyo. Baadaye wakaonyesha kwamba presha hiyo hiyo ndiyo mlango wa kiharusi, na kwamba si kweli kuwa nambari ya chini pekee ndiyo ya kuogopwa. Ya juu nayo yaua. Watoto wa wale wa kwanza waliandikishwa mwaka 1971, na wajukuu mwaka 2002. Utafiti ungali unaendelea.

(Wapo watakaotukumbusha kwamba Ibn Nafis, tabibu aliyeishi Damascus na Kairo katika karne ya 13, alieleza mapito ya damu kutoka moyoni kwenda mapafuni karne kadhaa kabla ya Wazungu. Ni kweli, na ni fahari yetu. Lakini sifa za babu hazishushi presha ya mjukuu.)

Mtu aweza kusema Framingham ni mji wa Wazungu, wao na sisi tu mbali. Basi tuje nyumbani. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 uliwafuata Waluo waliohama vijijini magharibi mwa Kenya wakaenda kuishi Nairobi, ukawalinganisha na jamaa zao waliobaki. Watu ni wale wale, damu moja, ukoo mmoja. Lakini waliohama, ndani ya miezi michache tu, presha yao ilikuwa imepita ya waliobaki, na mkojo wao ulionyesha kwamba wala chumvi nyingi zaidi na potasiamu kidogo, ile madini ipatikanayo kwa wingi katika matunda, mboga na kunde. Kwa hiyo anayesema presha ni urithi wa nyumba yao amesema nusu ya habari. Nusu iliyobaki imo katika sufuria.

Na sufuria zetu za pwani twazijua. Wali wa nazi hutiwa chumvi, mchuzi hutiwa chumvi, kisha juu yake unga wa viungo wa dukani na vile vidonge vya supu ambavyo chumvi ndiyo sehemu yake kubwa. Pembeni achari ya maembe, au ng'onda na papa mkavu aliyehifadhiwa kwa chumvi. Jioni viazi karai na bajia, na kichupa cha chumvi mezani kwa asiyetosheka. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni takriban kijiko kimoja cha chai kisichojaa kilima, na humo imehesabiwa chumvi yote, ya mkate, ya achari na ya mchuzi. Hebu bibi wa nyumba apime chumvi anayotia kwa siku moja, aigawe kwa idadi ya walaji, aone.

Hatusemi chakula kiwe chapwa. Mwenyezi Mungu ametujaalia ndimu, ukwaju, tangawizi, kitunguu thomu, bizari, pilipili na dania, na mpishi hodari hashindwi kuipunguza chumvi kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, hata ulimi usigutuke. Wenye nyumba wasipoambiwa hawatajua.

Kwamba mabadiliko ya jikoni huokoa roho si maneno ya kubahatisha. Huko Uchina kulifanywa utafiti katika vijiji 600, kwa watu 20,995 ambao ama walikwisha kupata kiharusi, ama walikuwa na miaka 60 na zaidi nao wana presha ya juu. Nusu ya vijiji viliendelea na chumvi ya kawaida. Nusu vilipewa chumvi ambayo robo yake imebadilishwa kuwa ya potasiamu. Baada ya takriban miaka mitano, matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Viharusi vilipungua kwa asilimia 14, na vifo kwa asilimia 12. Hapakuwa na hospitali mpya. Kilichobadilika ni kopo la chumvi lililo kando ya jiko. Tahadhari ni hii, kwamba chumvi ya namna hiyo yaweza kumdhuru mwenye ugonjwa wa figo au anayetumia baadhi ya dawa, basi asiitumie ila kwa kauli ya daktari. Kupunguza chumvi ya kawaida hakuna hofu hiyo.

Kuhusu kupima, tuna maneno machache ya kina mama hasa. Mkanda wa kupimia haufungwi juu ya mkono wa buibui. Nambari hazitakuwa sawa. Omba muuguzi mwanamke na pazia, funua mkono, kaa ukiwa umeegemea, miguu isipishane, mkono uwe usawa wa moyo, utulie dakika 5 bila mazungumzo, na kahawa iwe haijanywewa nusu saa kabla. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, na ikarudia hivyo siku nyingine, hiyo ni presha ya juu. Wale wahudumu wa afya wa mitaani ambao serikali imewapa mikoba tangu mwaka 2023 wamo na mashine hiyo. Wakibisha hodi, msiwaache mlangoni.

Mjamzito ana jambo lake. Presha ikimpanda baada ya wiki 20 za mimba, naye ana maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu, maumivu chini ya kifua au uvimbe wa uso na mikono, hiyo yaweza kuwa njia ya kifafa cha mimba. Kuna nyumba ambazo kifafa hicho bado huitwa shetani, mganga akaitwa na mafusho yakafukizwa, na saa zikapita. Dua na ruqya hatuzikatazi, lakini zisomwe ndani ya gari liendalo hospitali. Huko ipo dawa ya magnesiamu salfeti, nayo ni chumvi ya aina yake. Utafiti uliotolewa mwaka 2002, uliowahusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba hupunguza hatari ya kifafa hicho kwa zaidi ya nusu. Na mume asingoje kuombwa ruhusa ya mkewe kutoka. Aitoe leo, mbele ya mashahidi wa nyumbani, ili siku ya shida akiwa baharini au Nairobi pasiwe na wa kumsubiri.

Twarudi kwenye kidonge. Presha ikisharejea mahali pake, wengi hukiacha wakisema wamepona. Imeshuka kwa sababu ya kile kidonge. Ukikiacha, itapanda, nawe hutaisikia ikipanda. Wala usimeze cha jirani, hata awe shoga yako wa tangu madrasa, kwa kuwa presha zinafanana jina tu. Kikikuletea kikohozi, kizunguzungu au uvimbe wa miguu, mrudie daktari akubadilishie, maana aina ziko nyingi.

Limebaki la Ramadhani, ambalo ndilo lenye makosa mengi. Kupimwa presha hakuharibu saumu. Vidonge vingi vya presha siku hizi humezwa mara moja kwa siku, na daktari aweza kuvipangia wakati wa futari au wa daku. Vya kuongeza mkojo vyahitaji mashauri zaidi kwa ajili ya kiu na joto letu la pwani. Ambaye daktari mwaminifu amemwambia kufunga kutamdhuru, Qur'ani imempa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na asiyetarajiwa kupata nguvu ya kulipa hutoa fidia ya kumlisha maskini. Kuipokea ruhusa hiyo ni ibada pia. Wakati wa kumwona daktari ni mwezi wa Shaaban, mapema, kabla mwezi haujaandama. Mwendeeni mkiwa na pakiti zote za dawa mnazotumia, si majina ya kukumbuka, na ile ya mitishamba iliyo chini ya mto itieni mkobani pia.