Bingwa wa Kompyuta si Bingwa

Kila Jumamosi usiku bwenini kwetu huzuka ubishi. Wenzangu hufungua mchezo wa ndondi kwenye simu, humchagua Muhammad Ali na Mike Tyson, kisha huiachia simu iwapiganishe. Baada ya dakika chache mmoja hupaza sauti: "Niliwaambia! Kompyuta imethibitisha!" Sina ugomvi na mchezo huo, hata mimi huucheza. Ugomvi wangu ni na neno hilo, "imethibitisha".

Jambo hili lina historia. Mwaka 1967 mtayarishaji wa vipindi vya redio wa Marekani, Murray Woroner, alitengeneza mashindano ya mabingwa 16 wa uzito wa juu, wazima kwa wafu. Kompyuta ililishwa takwimu za kila bondia pamoja na maoni ya waandishi na wataalamu wa ngumi, na matokeo yakatangazwa redioni kama pambano halisi. Rocky Marciano akatawazwa bingwa wa wakati wote. Ali aliondolewa na James Jeffries.

Tuutazame uamuzi huo. Jeffries alipokuwa bingwa hakulitetea taji lake hata mara moja dhidi ya mpinzani mweusi. Aliporudi ulingoni mwaka 1910 kukabiliana na Jack Johnson, alichapwa. Lakini ndani ya mashine alimshinda Ali, tena katika mwaka uleule ambao Ali alinyang'anywa taji na leseni kwa kukataa kwenda vitani Vietnam. Mtu amezuiwa kupigana, halafu anatangaziwa kwamba amepigwa! Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo.

Ali alikwenda mahakamani kudai fidia ya dola milioni 1. Shauri lilimalizwa kwa makubaliano: acheze filamu na Marciano. Mwaka 1969 wawili hao waliingia ulingoni Miami. Marciano, mwenye umri wa miaka 45, alikuwa amepunguza unene na kuvaa nywele za bandia. Walirekodi raundi nyingi fupi na miisho mbalimbali, kisha Marciano akafa katika ajali ya ndege kabla filamu haijatoka. Ilipoonyeshwa Januari 1970, watazamaji wa Marekani walimwona Marciano akimwangusha Ali raundi ya 13. Katika nakala iliyoonyeshwa Ulaya, mshindi alikuwa Ali.

Nawauliza wenzangu: uthibitisho gani huu unaobadilika ukivuka bahari? Ukitia mtama kinuni hutatoa mchele. Mashine ile haikujua lolote ambalo waliolisha hawakuwa wamekwisha kuliamini.

Wapo watakaonijibu kwamba kompyuta za leo zina nguvu zaidi. Ni kweli. Basi na tuchukue pambano ambalo sisi wa Kongo hatuhitaji kusimuliwa, lile la Kinshasa la tarehe 30 Oktoba 1974. Tuilishe mashine takwimu zilizokuwepo siku moja kabla. George Foreman: miaka 25, mapambano 40, ushindi 40. Joe Frazier na Ken Norton, wote wawili waliowahi kumshinda Ali, Foreman aliwamaliza kila mmoja katika raundi mbili. Ali: miaka 32, miguu si ile ya zamani. Mashine yoyote yenye akili timamu ingempa Foreman ushindi.

Alfajiri ile Ali aliegemea kamba, akajikinga na kupokea makonde raundi baada ya raundi, huku uwanja mzima ukiliimba jina lake. Foreman akachoka. Raundi ya nane Foreman alikuwa chini. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Je, ile hila ya kamba ingeandikwa katika safu gani ya takwimu, ikiwa Ali hakuwa bado ameionyesha katika pambano kama lile?

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Takwimu hueleza mtu alifanya nini jana. Haziwezi kueleza atabuni nini atakapobanwa. Tukiikubali mashine iamue nani mkuu kati ya watu wasioweza tena kujitetea, tunawapokonya lile lililowafanya wawe wakuu, yaani uwezo wa kutushangaza.

Nasi wanafunzi tuna sababu yetu ya kulijali hili. Nasi tumo katika majedwali: alama za mitihani, shule tulizotoka, ada tusizolipa kwa wakati. Mtu anaweza kuzijumlisha leo na kutamka nani atafaulu na nani ataanguka. Anayeamini kwamba simu imethibitisha kushindwa kwa Ali hatakuwa na jibu siku atakapoambiwa kwamba hesabu imethibitisha kushindwa kwake.

Basi tuendelee kucheza Jumamosi. Ila atakayeshinda aseme, "Simu yangu imekisia." Neno "kuthibitisha" tuwaachie waliopanda ulingoni.