Abjadi ya Wayunani Ilitoka Pwani ya Sham

Nawasikia vijana wetu wakisema kwamba herufi za Kizungu ndizo za elimu na asili yake ni Wayunani, ama zile za Kiarabu ni za chuoni tu. Maneno haya hayana msingi. Wayunani wenyewe hawakudai kuwa walizibuni. Herodotus, mwanahistoria wao wa karne ya 5 kabla ya Nabii Isa, aliandika kuwa walizipata kwa Wafinisia, mabaharia wa Sur na Sayda, miji iliyoko Lebanoni hadi leo.

Aliyepita chuoni ataona ushahidi mwenyewe. Wafinisia walikuwa na herufi 22. Ya kwanza alef, yaani ng'ombe. Ya pili bet, yaani nyumba, nduguye bayt ya Kiarabu iliyotupa beti za mashairi. Kwa Wayunani zikawa alfa na beta, majina yasiyo na maana katika lugha yao. Tena shika hisabu ya abjadi: ya ni 10, kaf 20, lam 30, mim 40, nun 50. Wayunani nao huhesabu iota 10, kapa 20, lamda 30, mu 40, nu 50! Hata kuandika, zamani waliweza kuanzia kulia. Herufi za Kiarabu zilitoka shina hilo hilo, kwa njia ya Waarami na Wanabati.

Walichozidisha Wayunani ni irabu, na hapo nawapa heko. Wafinisia waliandika konsonanti tu, msomaji akajijazia. Kiyunani hakikustahamili hayo. Basi kufikia karne ya 8 kabla ya Isa, walizitwaa herufi za sauti wasizokuwa nazo wakazipa kazi mpya. Alef, iliyokuwa sauti ya hamza, ikawa A. He ikawa E. Ain, isiyotamkika kooni mwao, ikawa O.

Wazee wetu walipoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walikabili taabu kama hiyo: irabu tatu kwa tano zetu, kasra moja ikisomwa I au E. Wako waliobuni alama za kuzitenga, na p na ch wakazitafutia nukta. Kazi hiyo imo katika nyaraka zilizolala masandukuni mwa majumba yetu, na wajukuu wanaojua kuzisoma wanazidi kupungua.