Kabati Jipya Lenye Sura ya Zamani

Mjini wapo watu wanaolipa zaidi kwa kabati lililochakaa rangi kuliko jipya. Jambo hili huwachekesha mafundi seremala wetu, lakini ni kazi halali, mradi mnunuzi aambiwe kweli.

Huko Bavaria, Ujerumani, wakulima Wakatoliki wa karne ya 18 walipaka makabati yao rangi, wakachora maua na hata herufi za Jina la Yesu. Mji wa Tölz ulisifika kwa kazi hiyo. Makabati hayo yalipopanda bei, waigaji nao wakatokea.

Rangi ya kale hufanywa kwa maziwa. Engua mafuta yote, acha maziwa yagande, yachuje kwa kitambaa. Vikombe 5 vya ganda hilo changanya na kikombe 1 cha chokaa iliyozimwa, nzito kama ugali mwororo. Ngoja nusu saa, koroga, tia maji kidogo na udongo mwekundu uliochekechwa. Chokaa huunguza macho, basi watoto wakae mbali. Tumia yote siku hiyo hiyo, maana huoza.

Paka ubao mtupu mkono wa kwanza, mwekundu. Ukikauka, sugua mshumaa penye kingo, penye kishikio, na chini panapopigwa na ufagio. Hapo ndipo rangi huisha kweli. Fundi anayekwangua kila mahali hujulikana mara moja. Mkono wa pili uwe mweupe, bila udongo. Ukikauka pitisha msasa: penye nta nyeupe itabanduka, nyekundu itaonekana. Maliza kwa nta ya nyuki.

Wengine hutoboa vitundu kwa keke ili vifanane na vya bungua. Huo ni wizi tu. Chomeka sindano: kitundu cha keke hunyooka, njia ya bungua hupinda.

Tena liko jambo zito. Fundi mvivu huchukua kiti cha kale chenye rangi ya dukani, akakikwangua kipate sura hiyo. Usikubali afanye hivyo uani kwako. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi. Vumbi lake likimwingia mtoto kinywani hudhuru ubongo, na madhara hayo hayaponi. Kiti cha namna hiyo kifute kwa kitambaa chenye maji, kisha kipake rangi mpya ya mafuta juu yake, kwa kuwa ya maziwa haitashika.