TULIPE LINI: TUKIUMWA, AU TUKIUZA PAMBA?

Ndugu wanakijiji na wanaushirika,

Mkutano Mkuu wa chama chetu cha ushirika unakuja, na safari hii una jambo moja zito: matibabu ya zahanati tuyalipie kwa njia gani. Mapendekezo yako matatu. La kwanza, tuendelee kama sasa, kila mtu alipe papo kwa papo siku anayougua. La pili, kila kaya ilipe bima ya mwaka, kila mmoja kwa wakati wake na kwa mkono wake. La tatu, kaya ilipe kwa mwaka, lakini fedha ikatwe hapa hapa ushirika siku ya malipo ya pamba, kwa yule aliyekubali.

Sisi katika ofisi ya tawi tumekaa, tumebishana, na mwisho tumekubaliana kuunga mkono la tatu. Hapa tunaeleza kwa nini. Asiyekubaliana nasi naye aandike, ukuta huu ni wa wote. Jambo hili si la wenye kadi peke yao, maana homa haiulizi kadi. Na asiyejua kusoma asomewe na jirani yake, asomewe mpaka mwisho.

Tuanze na jambo mnalolijua. Mwaka jana, mwezi wa Februari, mwenzetu mmoja alishikwa na kichomi. Februari ni mwezi gani kwetu? Ni mwezi wa palizi. Ghala halina kitu, mfukoni hamna kitu, na mvua inanyesha. Alikaa nyumbani siku tano akisema eti kitapoa. Siku ya tatu alituma mtoto dukani akanunua vidonge vinne, si dozi, vinne tu, kwa sababu hela ilikuwa ya vinne. Siku ya sita tulimbeba kwa baiskeli, na kutoka zahanati akapelekwa hospitali. Amepona, tunashukuru. Lakini ameponaje? Mkewe alikwenda kwa mlanguzi akauza pamba ikiwa bado maua shambani, kwa nusu ya bei. Mwezi wa Juni, wakati sisi tunapanga foleni kwenye mizani, yeye alikuwa anavuna pamba ya mtu mwingine katika shamba lake mwenyewe.

Basi, ndugu, msidhani jambo la matibabu ni la zahanati tu na halimhusu mwanaushirika. Ugonjwa wa Februari unauza pamba ya Juni. Kila mwaka ushirika wetu unapoteza pamba kwa njia hiyo, na walanguzi wanajua kabisa mlango upi wa kubisha hodi: ule wenye mgonjwa.

Hapo ndipo ubaya wa papo kwa papo unapoonekana. Watu husema, "Mimi nalipa nilichotumia, sidaiwi na mtu." Ni kweli, na uzuri wake ni huo. Lakini hiyo ni njia ya mwenye mshahara wa kila mwezi. Mkulima wa pamba anapata fedha mara moja kwa mwaka, na magonjwa yanakuja wakati wa mvua, wakati fedha imekwisha zamani. Njia inayokudai siku ile usiyokuwa nayo inakufundisha kukaa nyumbani. Na anayekaa nyumbani na kichomi hupunguzi gharama, anaiongeza.

Wako wazee watakaosema, "Zamani ilikuwa bure, kwa nini isiwe bure tena?" Tujibu kwa heshima, maana wanasema kweli. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 Serikali ilijenga zahanati vijijini na mtu alitibiwa bila kutoa senti mkononi. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, watu wakasikiliza redio kwa vikundi, wakachimba vyoo, wakafyeka majani. Hayo yalikuwa mambo makubwa. Lakini bure haikuwa bure. Ililipwa kwa kodi na kwa jasho la mkulima. Miaka ya 1980 uchumi ulipoyumba, zahanati zilibaki na milango wazi na makabati matupu. Mwaka 1993 Serikali ikaanza kutoza ada ya kuchangia, ikianzia hospitali kubwa kisha kushuka chini. Kwa hiyo kulipa tunalipa, kwa kodi au kwa mkono. Tunachochagua ni kulipa lini na kulipa pamoja na nani.

Njia ya kulipa kwa kaya nayo si ngeni. Ilijaribiwa mwaka 1996 katika wilaya ya Igunga, mkoa wa Tabora, kwa wakulima kama sisi, kaya moja shilingi 5,000 kwa mwaka. Mwaka 2001 ikatungwa Sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii. Serikali nayo ikawa inaongeza kiasi sawa na kile wananchi walichochanga, ndiyo ile iliyoitwa tele kwa tele. Mwaka 2018 mfuko ukaboreshwa, kiwango katika mikoa mingi kikawa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Na mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, ambayo inataka kila mkaazi awe na bima. Kwa hiyo kusema tusubiri tuone, si jibu tena.

Lakini tuseme ukweli wote, tusiseme nusu. Mfuko ule katika wilaya nyingi uliingiza watu wachache kuliko ilivyotarajiwa. Sababu ni mbili, na zote tunazijua hapa kijijini.

Ya kwanza: walioingia walikuwa zaidi wale waliokwisha ugua. Mtu mzima wa afya anasema, "Mimi siumwi, nilipie nini?" Siku anapougua ndipo anakimbilia kuandikishwa. Mfuko wa wagonjwa watupu haujai, ni kama kisima kinachotekwa na wote na hakuna anayekichimba. Hii ndiyo sababu hatuungi mkono pendekezo la pili. Kila mmoja akilipa kwa wakati wake, wengi hatutalipa. Si kwa ubaya, ni kwa sababu hela ikishaingia nyumbani ina kazi mia: ada, bati, harusi, deni la dukani. Fedha tunayoweza kuitoa bila kuumia ni ile ambayo bado haijafika nyumbani. Na wote tukitoa siku moja, wazima na wagonjwa, mfuko unasimama.

Ya pili ni kubwa zaidi: watu walilipa, wakaenda, wakaandikiwa karatasi wakanunue dawa dukani. Mama mmoja alituambia hivi: "Nililipa mara mbili, ya kwanza kwa kadi, ya pili kwa duka. Mwaka uliofuata nikaacha." Nani atamlaumu? Sisi hatumlaumu. Ndiyo maana hatusemi mlipe tu. Tunasema tulipe na tudai.

Hapa inafaa tufahamu jambo moja ambalo wengi hatujalifikiria: zahanati yenyewe inalipwaje? Maana namna ya kumlipa mtu ndiyo inayoelekeza mkono wake.

Zahanati ikilipwa kwa kila kipimo na kila sindano, faida yake iko katika kuumwa kwetu. Mganga mwema hatatumia nafasi hiyo, lakini mfumo unamshawishi kuongeza sindano. Ikipewa mshahara na bajeti tu, hakuna anayefukuzwa mlangoni, lakini mganga akiona wagonjwa kumi au mia hapati zaidi wala pungufu, na kabati likiisha anangoja wilaya. Ikilipwa kwa kichwa, yaani fedha maalum kwa kila aliyeandikishwa, awe mgonjwa au mzima, basi zahanati inafaidika tukiwa wazima. Chandarua, chanjo na maji ya kuchemsha vinakuwa faida yake na yetu. Hata Uingereza waganga wa familia hulipwa sehemu kubwa kwa hesabu ya watu walioandikishwa kwao. Lakini njia hiyo nayo ina mwiba: anayelipwa hata usipofika anaweza kufurahi usipofika.

Iko pia ya kulipa kwa matokeo. Ilijaribiwa mkoa wa Pwani kuanzia mwaka 2011, vituo vikaongezewa fedha kwa kufikia malengo, na akina mama waliojifungulia vituoni waliongezeka. Ni jambo jema. Lakini kinachohesabiwa ndicho kinachofanywa, na kisichohesabiwa kinaweza kusahauliwa, tena karatasi za kujaza ni nyingi.

Mnaona basi, hakuna njia isiyo na kasoro. Kijiji hakipangi mshahara wa mganga, hilo ni la Serikali. Lakini tangu mwaka wa fedha 2017/18 Serikali ilianza kupeleka fedha za huduma moja kwa moja katika akaunti ya kituo, na zahanati ina kamati yake ambayo ndani yake wamo wananchi. Hapo tuna sauti. Kama hatuitumii, kosa ni letu.

Sasa hesabu. Hii ni ya mfano tu, tunatumia kile kiwango cha mwaka 2018 kwa sababu wengi mnakifahamu. Kiwango cha kulipa kitasomwa na mhusika mkutanoni. Shilingi 30,000 kwa watu sita ni shilingi 5,000 kwa mtu kwa mwaka. Kwa mwezi kaya nzima ni 2,500. Kiwango kikiwa kikubwa kuliko hicho, hoja yetu inazidi nguvu: fedha nyingi ni rahisi kuitoa Juni kuliko kuitafuta Februari.

Na wasio na pamba je? Yuko bibi anayelea wajukuu, yuko mlemavu, yuko aliyepoteza shamba. Tunapendekeza turudi kwenye utaratibu wa nyumba kumi. Kaya kumi zikiongeza shilingi 3,000 kila moja, zimepata 30,000, na kaya ya kumi na moja imelipiwa. Balozi ataje jina hilo mbele ya wenzake, wakubaliane. Na tusisahau: watoto chini ya miaka mitano, wajawazito, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza wana msamaha kwa sera ya Serikali. Msamaha huo ni haki yao, wasidanganywe kwamba wanaombaomba.

Tunaunga mkono pendekezo la tatu kwa masharti manne, na tunaomba mkutano uyaandike kwenye muhtasari.

1. Hakuna kukatwa bila ridhaa. Kila mwanachama atie sahihi au dole gumba mwenyewe, baada ya kusomewa fomu kwa sauti. Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani, katika darasa la jioni, tunajua ni aibu gani kutia dole kwenye karatasi usiyoifahamu.

2. Risiti itolewe siku ile ile, na orodha ya waliokatwa na fedha iliyopelekwa ibandikwe kwenye ukuta huu ndani ya siku saba. Fedha ya mgonjwa isilale kwenye droo ya mtu, wala ya kwetu wa ofisi.

3. Kila mwezi kamati ya zahanati ibandike dawa zilizopo na zilizokwisha, na fedha iliyoingia imenunua nini.

4. Mwaka ukiisha tukae tena. Kama dawa hazikuonekana, tuulizane mbele ya wilaya, na kila mtu awe huru kujitoa.

Wako watakaosema katibu anatafutia viongozi hela. Ndiyo maana ya sharti la pili. Mkituona tunalikwepa, msitupe kura.

Ndugu wanakijiji, pamba tulijifunza zamani kuiuza pamoja kwa sababu kila mmoja peke yake alipunjwa kwenye mizani. Mgonjwa naye akiwa peke yake anapunjwa, tena vibaya zaidi, kwa sababu hana nguvu ya kubishana bei. Njooni mkutanoni. Akina mama njooni hasa, maana ninyi ndio mnaokesha na wagonjwa, na mkono wenu ukipanda tutajua jambo limeamuliwa na wanaolifahamu.

Ni sisi,
Katibu wa Tawi, kwa niaba ya ofisi