Anaendesha kwa Ajili ya Macho ya Nani?



Mara nyingi baada ya ibada mama mmoja hunivuta pembeni na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Sista, kijana wangu amenunua pikipiki kubwa. Nifanye nini?" Wengine hawamsemi kijana, wanamsema mume mwenyewe, ambaye baada ya kulipa karo za watoto kwa miaka mingi ameona sasa ni zamu yake kujifurahisha. Leo tuliongee jambo hili.

Sizungumzii pikipiki ya bodaboda. Nazungumzia pikipiki za michezo, zile ambazo mwendeshaji huinama mpaka kifua kikakaribia kugusa tangi la mafuta. Pikipiki ya bodaboda ya cc 125 huwa na nguvu za farasi kama 10. Yamaha YZF-R1, iliyoanza kuuzwa mwaka 1998, ilikuwa na nguvu za farasi zipatazo 150, na uzito wake haukufika kilo 200. Hebu fikiria chombo hicho mikononi mwa kijana wa miaka 22 ambaye rafiki zake wamesimama barabarani wakimtazama.

Mama wengi hukimbilia kuuliza, "Anakwenda kasi gani?" Ni swali zuri, lakini lipo la kutangulia: anaendesha kwa ajili ya macho ya nani? Waendeshaji wa pikipiki hizi ni wa aina mbili, na tofauti yao mama anaweza kuiona hata kama hajui gia wala klachi.

Wa kwanza huendesha ili aonekane. Hupiga mbwembwe pale penye watu: huinua tairi la mbele penye kituo cha basi, na hunguruma injini mbele ya kanisa. Hubadilisha bomba la moshi ili kelele ifike mtaa wa tatu. Debe tupu haliachi kuvuma. Kofia ngumu huitundika mkononi ili uso wake utambulike, na miguuni amevaa kandambili. Tena kuna kichekesho ambacho waendeshaji wenyewe hukisimulia. Anayejua kulaza pikipiki kwenye kona, tairi lake hulika mpaka kingoni. Asiyejua, kingo za tairi lake hubaki mpya. Basi wapo wanaochukua msasa na kuzisugua kingo hizo nyumbani, ili wenzao wadhani ni mabingwa wa kona!

Wa pili huendesha kwa sababu anapenda kazi yenyewe ya kuendesha. Kabla ya kuondoka hukagua upepo wa matairi, mnyororo, breki na taa. Huvaa koti gumu, glavu na viatu vinavyofunika kifundo, hata kama jua ni kali, hata kama anakwenda dukani tu. Mjini huenda taratibu. Akitaka kujua uwezo wa pikipiki yake, hutafuta uwanja au njia iliyofungwa, akiwa na mtu wa kumfundisha. Ukimkuta peke yake barabarani saa kumi na moja alfajiri, anaendesha vilevile kama anavyoendesha penye umati.

Nimfanye mfano mtu mmoja. Joey Dunlop wa Ireland ya Kaskazini alishinda mara 26 katika mashindano ya TT ya kisiwa cha Man, kilichoko kati ya Ireland na Uingereza. Mashindano hayo yalianza mwaka 1907, na njia ya mlimani yanakofanyika ina urefu wa kilomita 60 hivi. Mtu huyu alijulikana kwa haya na upole, na pikipiki zake alipenda kuzitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Mashindano yalipokwisha, alikuwa akijaza gari lake chakula na nguo na kuliendesha mwenyewe mpaka Romania na Bosnia, kuwapelekea watoto yatima. Mwaka 1996 alipewa nishani ya Malkia wa Uingereza kwa kazi hiyo ya huruma. Ndiye niliyemwita mwendeshaji wa kweli.

Lakini msidhani nasema ujuzi ni kinga. Joey Dunlop alifariki tarehe 2 Julai 2000 katika mashindano mjini Tallinn, Estonia, siku ya mvua, akiwa na umri wa miaka 48. Na njia ile ya kisiwa cha Man imekwisha kuua waendeshaji zaidi ya 250 tangu ilipoanza kutumika. Ikiwa bingwa wa namna hiyo aliweza kuanguka katika njia iliyofungwa, mwenye kuinua tairi kati ya daladala anategemea nini?

Mwaka 1981 ilitolewa taarifa ya uchunguzi wa ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles, Marekani, uliosimamiwa na Profesa Harry Hurt. Waliona kwamba zaidi ya tisa kati ya kila waendeshaji kumi walikuwa wamejifunza wenyewe au kwa ndugu na marafiki. Mtu hupata chini ya sekunde mbili za kujiokoa, na wengi katika sekunde hizo hukanyaga breki ya nyuma mpaka tairi likateleza, huku breki ya mbele, ambayo ndiyo yenye nguvu zaidi, wakiitumia kidogo mno. Kufunga breki vizuri hakupigiwi makofi na mtu. Ndiyo maana mpenda sifa hajizoezi.

Kasi nayo ina hesabu yake. Ikiongezeka mara mbili, nguvu ya kishindo huongezeka mara nne. Kwenye kilomita 100 kwa saa, pikipiki hupita mita 28 kwa sekunde moja tu.

Sisi wauguzi tunajua lami inavyofanya ngozi. Suruali nyepesi hupasuka mara moja, na mchanga huingia ndani ya nyama. Lazima tuusugue na kuutoa, maana ukiachwa jeraha hupona na alama nyeusi. Hilo hupona. Kichwa ni habari nyingine. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kifo kwa aliyepata ajali kwa asilimia kama 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia kama 69. Lakini iwe imefungwa mkanda wa kidevuni. Kofia iliyotundikwa mkononi inalinda kiwiko.

Na ukimkuta aliyeanguka, usimvue kofia kwa pupa, maana shingo yaweza kuwa imeumia. Shikilia kichwa na shingo visitikisike, fungua kioo cha kofia, sikiliza kama anapumua, na uite msaada. Kofia huvuliwa tu ikiwa hapumui au anasongwa na matapishi, na hapo iwe kwa watu wawili, mmoja akishika shingo.

Sasa, mama, tugeukie upande wetu. Mpenda sifa hawezi kuishi bila watazamaji, na mara nyingi watazamaji ni sisi. Katika msafara wa harusi, kijana akiinua tairi mbele ya gari la maharusi, ni nani wanaopiga vigelegele? Ni nani wanaoshika simu kumpiga picha? Bwana Yesu, katika Mathayo sura ya 6, aliwaonya wanafunzi wake wasifanye hata yaliyo mema kwa kusudi la kutazamwa na watu. Kama sadaka na sala zinaharibika kwa tamaa ya kuonekana, sembuse pikipiki?

Basi ninashauri hivi. Usimwambie kijana, "Choma hiyo pikipiki." Ataificha kwa rafiki yake na hutajua lolote tena. Mwambie, "Mwanangu, nionyeshe unavyoikagua." Mwulize ni nani aliyemfundisha kufunga breki kwa ghafla. Kama hakuna, msaidieni kumpata mwalimu. Msipompa fedha za bomba la kelele, mpeni za kofia nzuri na glavu. Mume naye aelezwe kwa upole, chumbani, si mbele ya watoto, kwamba nyumba hii bado inamhitaji. Usikubali kupakiwa nyuma bila kofia, ukiwa umefunga kanga inayopepea karibu na gurudumu. Na siku ya harusi, mwenyekiti wa kamati awaambie vijana mapema: msindikize kwa adabu, tutawapigia vigelegele mkifika salama.

Anayependa kuendesha kweli atayapokea maneno hayo, hata kama atanuna siku mbili. Atakayekataa kuvaa kofia kwa sababu hataonekana uso, huyo amekwisha kukujibu lile swali. Mwombee, na usichoke kusema naye.

Mungu azilinde nyumba zenu. Tukutane mwezi ujao.