NYUMBA ZETU: Gesi ya Kiyoyozi Huenda Wapi?

Bibi mmoja mkaazi wa Mkokotoni, Unguja, ametuandikia akiuliza suala ambalo bila shaka linawasumbua wasomaji wengi katika majira haya ya kaskazi. Anasema kwamba alipopata zamu yake ya upatu alinunua kiyoyozi cha mtumba mjini, akakifunga katika chumba cha mavyaa wake, mzee mwenye maradhi ya moyo ambaye daktari ameshauri asikae penye joto kali. Miezi mitatu ya mwanzo chumba kilipoa hata mzee akaomba blanketi. Kisha ubaridi ukapungua. Fundi akaitwa, akasema, "Gesi imekwisha," akatia nyingine, akalipwa. Kwa jumla ameitwa mara tatu katika muda wa mwaka mmoja, na mara zote jibu lilikuwa ni hilo hilo. Sasa bibi huyu anatakiwa atoe fedha kwa mara ya nne, naye anauliza: mashine hii hula gesi kiasi gani kwa mwezi?

Jibu ni kwamba haili hata chembe.

Yafaa jambo hili lifahamike vyema, maana hapa ndipo fedha nyingi za watu zinapopotelea. Gesi ya kiyoyozi si mafuta ya taa katika jiko, ambayo kadiri utambi unavyowaka ndivyo yanavyopungua. Gesi hii imefungiwa ndani ya mabomba na huzunguka tu. Ikiwa chumbani, hupita katika mabomba membamba ya shaba ikiwa kimiminika, huvuta joto la hewa ya chumba, na kwa joto hilo hugeuka mvuke. Mvuke huo hunyonywa na kompresa iliyoko nje, ukashindiliwa hata ukawa wa moto kuliko hewa ya uani, na hapo hulitupa lile joto lililotoka chumbani na kurudi kuwa kimiminika. Kisha safari huanza upya. Mtu akisimama mbele ya mashine ya nje akapigwa na upepo wa moto usoni, ajue kwamba hilo ndilo joto la chumbani linalotolewa. Mashine iliyofungwa vizuri yaweza kukaa miaka kumi na zaidi kwa gesi ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Ikiwa gesi imepungua, basi pana tundu. Na fundi anayetia gesi bila kulitafuta tundu anajaza maji kwenye mtungi uliopasuka.

Hata hivyo, si kila kiyoyozi kisichopoza kimepungukiwa gesi. Aghalabu kasoro ni ndogo, nayo mwenye nyumba aweza kuiona mwenyewe kabla ya kumwita mtu.

Kwanza itazamwe rimoti. Hili laweza kuonekana jambo la mzaha, lakini watoto huchezea vidude hivi, na mara nyingi mashine hukutwa imewekwa kwenye alama ya feni tupu, au ya jua, ambayo ni ya kutia joto. Alama inayotakiwa ni ile ya chembe ya theluji, kitu ambacho wengi wetu tumekiona katika picha tu. Inafanana na nyota yenye matawi sita.

Pili ni kichujio, yaani ule wavu ulio nyuma ya kifuniko cha mbele. Kazi yake ni kuzuia vumbi, na vumbi likijaa hewa haipiti. Wavu huu huchomolewa kwa mkono, ukaoshwa kwa maji na sabuni kidogo, ukaanikwa kivulini mpaka ukauke, kisha ukarudishwa. Katika nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi ni kazi ya kila wiki mbili. Hewa inapokuwa haba, mabomba ya ndani hupoa kupita kiasi hata yakaganda barafu, na barafu hiyo huziba njia iliyobaki. Ndipo mtu anapoona ajabu ya mashine iliyojaa barafu katika chumba chenye joto. Usiikwangue barafu kwa kisu, kwani ukitoboa bomba umejitafutia hasara. Zima mashine, iache iyeyuke, osha kichujio, ndipo uwashe tena. Ikiganda mara ya pili ilhali kichujio ni safi, hapo yawezekana kweli gesi ni pungufu.

Kipo kipimo rahisi cha kuondoa ubishi. Tafuta kipimajoto cha kawaida, weka rimoti kwenye nyuzi za chini kabisa, funga milango, acha mashine ifanye kazi robo saa. Pima hewa inayoingia juu ya mashine, kisha pima inayotoka chini. Tofauti ikiwa baina ya nyuzi 8 na 12, mashine ni nzima na ugonjwa uko kwenye chumba. Penye fukuto kubwa tofauti hupungua kidogo. Ikiwa nyuzi 3 au 4 tu, mashine ndiyo mgonjwa.

Fukuto nimelitaja kwa makusudi. Mashine hii haikubuniwa ili watu walale raha. Mwaka 1902 mhandisi wa Kimarekani, Willis Carrier, alitakiwa kudhibiti unyevu katika kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, New York, ambako karatasi zilikuwa zikivimba na kunywea hata rangi zikawa hazikai mahali pake. Kwa hiyo sisi watu wa magazeti twaweza kudai sehemu yetu katika uvumbuzi huu! Kukamua unyevu kungali sehemu kubwa ya kazi ya kiyoyozi, hasa katika visiwa vyetu. Yale maji yanayodondoka kwenye bomba la nje yalikuwa hewani chumbani, na kuyatoa kunakula nguvu ambayo ingepunguza joto. Mwenye kuanika nguo mbichi chumbani, au kuacha mlango wazi kuelekea ukumbini, anaitwisha mashine mzigo usio na mwisho.

Chumba chenyewe nacho kina mambo yake. Nguvu ya viyoyozi hupimwa kwa kipimo cha Kiingereza kiitwacho BTU, na mashine ya 12,000 kwa saa huitwa ya "tani moja". Wachuuzi wa samaki wa Mkokotoni wataelewa upesi kuliko wengine asili ya jina hili, kwani inatokana na barafu: mashine hiyo huondoa kwa siku nzima joto linalotosha kuyeyusha ratili 2,000 za barafu, karibu kilo 907. Ni nguvu kubwa kwa chumba cha kulala cha kawaida. Lakini kifunge katika chumba kilichoezekwa bati tupu bila dari, chenye madirisha ya vioo vya kupangana visivyofunga barabara, na jua la saa nane likapiga juu ya bati, na utaona "tani" hiyo ikishindwa. Nyumba za kale za Mji Mkongwe zilikuwa na kuta nene za mawe na chokaa. Nyumba za makuti zilikuwa na paa lisilopitisha joto upesi. Bati limetupunguzia kazi ya kuezeka upya kila baada ya miaka michache, ila limetuletea joto. Mara nyingi fedha zilizotengwa kwa kununulia mashine kubwa zaidi zingefaa zaidi kama zingepiga dari na kuziba nyufa.

Sasa tutoke nje, mahali ambapo watu hawatazami. Mashine ya nje inataka hewa. Wapo wanaoijengea sanduku la matofali kwa kuhofia wezi, wakaacha tundu dogo tu. Mashine huvuta tena moto ule ule ilioutoa, ikachemka na kujizima. Kizimba cha nondo chenye nafasi pana kinatosha. Iwepo nafasi ya shubiri moja au zaidi baina ya ukuta na mgongo wa mashine, na mbele pawe wazi.

Adui mkubwa wa mashine hizi mahali kama Mkokotoni ni chumvi. Mji huu uko ufukweni, ukitazamana na kisiwa cha Tumbatu, na mkaazi wake hahitaji kuelezwa jinsi hewa ya bahari inavyofanya kazi: anaona misumari, minyororo ya baiskeli na bawaba za milango. Mashine ya nje imetengenezwa kwa mabomba ya shaba yaliyopitishwa katika mapezi membamba ya alumini. Metali mbili mbalimbali zikigusana penye unyevu wa chumvi, moja huiozesha nyingine, na hapa inayoliwa ni alumini. Mapezi hugeuka unga mweupe ukiyagusa, na baada ya hapo joto halina njia ya kutokea hata gesi ikiwa kamili. Na shaba yenyewe, pamoja na viungio vyake, haisalimiki daima.

Dawa yake ni maji matamu. Zima umeme kwenye swichi kuu, kisha mwagia mapezi maji taratibu kwa mpira, bila kasi ya kuyakunja. Kando ya bahari lifanyike kila mwezi. Lakini yasitumike maji ya kisima chenye chumvi, maana hapo utakuwa unaongeza maradhi juu ya maradhi. Na mwenye kuchagua mahali pa kufunga mashine achague upande wa nyumba usiopigwa na upepo wa bahari, japokuwa bomba litakuwa refu kidogo na fundi atanung'unika.

Kuhusu umeme, nitasema machache. Kiyoyozi hutaka volti 230 au karibu na hapo. Umeme ukiwa mdogo, kompresa hunguruma, taa za nyumba hufifia, kisha husikika mlio mdogo na kimya. Feni ya ndani huendelea kupuliza hewa isiyo baridi, na mwenye nyumba husema gesi imekwisha. Nyumba zilizo mbali na transfoma, na zile zilizounganishwa kwa waya mwembamba wa kurefushia, ndizo zinazopatwa zaidi. Unguja inajua pia gharama ya umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Umeme wa gridi hutoka Tanzania Bara kupitia kebo iliyolazwa chini ya bahari, ya kwanza ikiwa imeanza kazi mwaka 1980. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa bila umeme huo kwa takriban mwezi mmoja, na tena tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, kabla ya kebo mpya ya megawati 100 kuzinduliwa mwaka 2013. Kwa hiyo kifaa cha kulinda volti si anasa. Tena umeme ukirudi, ngoja dakika tano kabla ya kuwasha, ili msukumo ndani ya mabomba utulie. Mwenye nyumba asifungue kifuniko cha mashine ya nje: ndani mna kapasita, ambayo huweza kubaki na umeme wa kumpiga mtu hata baada ya swichi kuzimwa.

Tumrudie bibi yetu. Mashine iliyotiwa gesi mara tatu kwa mwaka inavuja, na hapana budi tundu litafutwe. Fundi anayejua kazi huanza na povu la sabuni kwenye viungio, hasa zile nati za shaba nyuma ya mashine ya ndani na kando ya ile ya nje. Palipo na tundu povu huchemka. Alama ya mafuta kwenye kiungio nayo ni ushahidi, kwa kuwa gesi hutoka pamoja na mafuta ya kompresa. Akishaziba, hutoa hewa na unyevu wote katika mabomba kwa pampu, ndipo hutia gesi kwa mizani, kwa uzito ulioandikwa kwenye kibati cha mashine. Fundi asiye na pampu wala mizani, anayegusa bomba kwa kiganja na kusema "basi, imetosha," anakisia tu.

Aina ya gesi nayo haichanganywi. Mashine nyingi za zamani zina R22, ambayo huharibu tabaka la ozoni na ambayo mataifa yamekubaliana kuiacha chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987. Kwa nchi zinazoendelea ukingo ni mwaka 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha kutengenezea mashine zilizokwisha kufungwa. Mwenye kununua mtumba wa R22 leo ajue ananunua kitu ambacho chakula chake kinaadimika. Mashine nyingi mpya zina R32, ambayo huweza kushika moto, kwa hiyo pasivutwe sigara wala kuchomelea bomba lenye gesi hiyo ndani.

Tundu likiwa kwenye nati, bibi huyu ana bahati. Matengenezo ni ya mchana mmoja. Likiwa kwenye mabomba ya mashine ya nje yaliyokwisha kuliwa na chumvi, kiraka hakitadumu, kwani penye tundu moja mengine yako njiani. Hapo asitoe fedha ya mara ya nne. Bora aweke feni chumbani, apige dari, afungue madirisha usiku, na mzee ahamishiwe saa za mchana kwenye chumba kisichopigwa na jua la alasiri, hali akisubiri zamu nyingine ya upatu.

Na fundi yeyote atakayekuja, aombwe kuandika ubavuni mwa mashine, kwa kalamu ya wino usiofutika, tarehe, aina ya gesi, uzito aliotia, na mahali alipolikuta tundu. Akikataa kuandika hilo la mwisho, asilipwe kabla hajalionyesha.