Bima ya Mashua Huanzia Kwenye Mkuku



Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Gashoho, alipokaribia kustaafu alijiundia mashua huko Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika. Mbao alizinunua kwa akiba ya mshahara wake. Mashine aliipata kwa fedha za kahawa aliyoilima mkewe kule milimani. Kazi ilipokamilika alikwenda kukata bima, akakataliwa. Alinijia kwa hasira, akidai kwamba wenye bima huwadharau wanyonge.

Nilimhurumia, kwani mali ya nyumba nzima ilikuwa imeelea juu ya maji bila kinga. Hata hivyo, nilipomwuliza zaidi nilitambua kwamba hakudharauliwa. Aliulizwa mambo matatu: nani aliyeikagua mashua, imeandikishwa wapi, na inaruhusiwa kuchukua uzito gani. Hakuwa na jibu hata moja lililo katika maandishi.

Maswali hayo si mageni. Mwaka 1760, wateja wa mkahawa wa Lloyd mjini London waliunda jumuiya ya kukagua meli, ili mwenye kutoa bima ajue hali ya chombo anachokidhamini. Baadaye, sheria ya Uingereza ya mwaka 1906 kuhusu bima ya baharini ilieleza kuwa chombo kinachofaa ni kile kinachoweza kukabili hatari za kawaida za safari yake. Sheria haikusema kwamba chombo kizuri ni cha kiwandani tu.

Sisi tuliofunzwa kijeshi hatuna sababu ya kushangaa. Hakuna kamanda anayempeleka askari doria na bunduki isiyokaguliwa, hata kama mwenye bunduki anaapa kwamba ni nzima. Ziwa letu lina kina cha karibu mita 1,470. Halimwogopi mtu kwa cheo chake.

Kwa hiyo, anayetaka kujiundia mashua hana budi kuanza kutafuta bima siku ile anapolaza mkuku. Amwite mkaguzi wakati mataruma bado yanaonekana, kwa maana mbao zikishapigiliwa na kalafati kutiwa, ubovu wa ndani hufichika. Atunze risiti za mbao, misumari na mashine, pamoja na picha za kila hatua. Bila hizo, thamani ya mashua itabaki neno la mdomo. Aiandikishe. Tena aisome hati ya bima kabla ya kutia sahihi, ajue kama inalinda chombo peke yake au pia abiria na mali za watu. Na akishapewa kipimo cha mzigo asikizidishe, kwani kukiuka masharti kwaweza kumnyima fidia, mbali na kuhatarisha roho za watu.

Wenye bima nao wana wajibu. Si haki kumfungia mlango mtu kwa sababu tu chombo chake hakikutoka kiwandani. Wamweleze mapema wanachokitaka, kisha wapange ada kulingana na ukaguzi.

Mwenzetu amekwisha kumtafuta mkaguzi. Italazimu mbao kadhaa zing'olewe ili mbavu za mashua zitazamwe. Ni gharama chungu, ambayo angeiepuka kama angeuliza mapema. Nanyi mnaojiandaa kustaafu, ulizeni leo.